Msimu wa Makufuli

Mohoro,
10 Februari 2025

Mama Consolatha,

Niwie radhi kwa ukimya huu. Barua yako ya pole baada ya mafuriko niliipokea mwaka jana, nikaisoma, nikaiweka, nikasema nitaijibu maji yakipungua. Maji yalipungua, nami sikuijibu. Sina udhuru ninaoweza kuuandika bila kuona haya, kwa hiyo naomba radhi tu, na nakuomba usiniulize zaidi.

Mimi sijambo, isipokuwa goti la kulia. Daktari amenikataza kutembea kwenye tope, na shamba letu, kama unavyolijua, ni tope tupu hadi mavuno. Kwa hiyo msimu huu, kwa mara ya kwanza tangu nipate akili, sikwenda kulinda mpunga. Shamba nimemwachia mpwa wangu Mrisho. Mimi nimebaki nyumbani, peke yangu, katika vyumba sita.

Nakwambia, mji umekwisha. Naketi barazani asubuhi, anapita mtu mmoja, naye anauliza njia ya kwenda kwingine. Nyumba ya Bi Sihaba ina kufuli. Nyumba inayoifuata ina kufuli. Duka la mkabala, ambalo ulikuwa ukinunua mafuta ya taa kwa kibaba na kugombana na mwenyewe kila Ijumaa, lina kufuli na buibui. Baada ya maji ya mwaka jana, wako waliohamia sehemu za juu, Chumbi na kwingineko, wakang'oa hata milango wakaondoka nayo. Vijana wako Dar es Salaam. Wewe ulipoletwa hapa kuwa mkunga, ulilala zahanatini kwa sababu mji mzima haukuwa na chumba kilicho wazi, mpaka marehemu mke wangu akanilazimisha nikupe kile cha mbele. Leo ungekuja, ungechagua nyumba kama mtu anavyochagua embe sokoni.

Tasnim na mdogo wake Ukasha wamenitafutia mnunuzi, bwana mmoja wa Ikwiriri aitwaye Nasibu. Hanunui nyumba ili aishi. Ananunua mabati, mbao, milango na matofali. Nyumba anaibomoa, kiwanja anakuachia. Bei yake ni ndogo, lakini watoto wanasema hapana mwingine atakayekuja, nami nimeanza kuwaamini.

Ombi langu ni hili. Nasikia umejenga vyumba vya kupangisha nyuma ya nyumba yako. Je, kipo kimoja kwa mzee asiyepika sana na asiyefungulia redio? Nitalipa kama mpangaji yeyote. Nijibu kwa barua. Mambo ya nyumba hayazungumzwi kwa simu, ambako mtu akikosa la kusema husingizia mtandao.

Wako,
Sharifu Abdillah


Kibiti,
23 Februari 2025

Baba Tasnim,

Radhi umepewa, ila nusu. Nusu nyingine nimeishika mpaka nikuone.

Miaka yote niliyokaa kwako nilikulipa kodi, na kila mwezi ulipoipokea ulinikumbusha kwamba mlango hufungwa kwa mkono, haufungwi kwa mguu. Leo wewe unataka kuwa mpangaji wangu! Nimeisoma barua yako kwa sauti hapa uani. Blandina, mpangaji wangu mmoja, amecheka hadi akamwaga chai. Amesema, "Mama, huyo mzee akija mimi nahama. Atatukagua kucha kama wanafunzi wake wa zamani."

Sasa nikueleze ya Kibiti, maana ulipopita mara ya mwisho ilikuwa kituo cha kununua korosho na kuendelea na safari. Tangu tuwe wilaya, kila ofisi imeleta watu wake: wa ardhi, wa mifugo, wa afya, wa mahakama, na kila mmoja ana mke, au mume, au godoro. Vyumba vinaulizwa kabla ya bati kupanda. Wenye nyumba wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Jirani yangu alikuwa na banda la mbuzi. Amelipiga sakafu, amelitia dirisha na pazia, na sasa anakaa humo kijana wa serikali mwenye shahada. Mbuzi wamehamia barazani, na ukipita jioni huwezi kujua nani mwenyeji.

Huyo Blandina ni muuguzi. Kazi yake si Kibiti, ni Ruaruke. Lakini Ruaruke alikosa chumba chenye choo cha kueleweka, basi anakaa kwangu, na kila asubuhi anapanda bodaboda kwenda kazini na kurudi akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Wako wengi kama yeye.

Kwa hiyo, Baba Tasnim, jibu langu ni kwamba vyumba vyangu vya kupangisha vimejaa vyote. Pole.

Lakini usimuuzie huyo bwana wa matofali kabla mtu anayeijua biashara hii hajaiona nyumba. Mtoto wa dada yangu, Stephano, ni dalali wa nyumba na viwanja hapa. Ametoka kwetu Mbinga mwaka juzi tu, lakini mjini hapa hakuna mlango asioujua bei yake. Nitamtuma aje aitazame, akuambie ukweli. Mpe chai, usimsahihishe sana.

Dada yako,
Eufrasia (Mama Consolatha)


Mohoro,
14 Aprili 2025

Bi Eufrasia,

Stephano alikuja katika siku za mwisho za Ramadhani. Ni kijana mwenye adabu, ingawa alivaa viatu vyeupe kuja Mohoro wakati wa mvua. Aliikagua nyumba chumba kwa chumba, akagonga kuta, akapima kwa hatua. Kisha akatoka kuutazama mtaa, akipiga picha kwa simu. Alirudi akifuta tope kwenye viatu vyake.

Akaniambia, "Mzee, nikwambie ukweli au nikwambie maneno mazuri?"

Nikamjibu kwamba maneno mazuri ninayo ya kutosha humu ndani.

"Basi mzee wangu, nyumba ni imara. Ingekuwa Kibiti ungeniona nimeng'ang'ania mguu wako. Lakini nyumba bila watu ni tofali tu. Nimepita mtaa mzima, kufuli, kufuli, kufuli. Utampangisha nani? Utamuuzia nani? Huyo Nasibu akikupa chochote, chukua kabla hajashtuka."

Sikukasirika. Alisema niliyokuwa nikiyaona mwenyewe kila siku kutoka barazani, na afadhali kuyasikia kwa mtu asiye na uchungu nayo.

Lililonikasirisha ni jingine. Katika kumsindikiza nilimwuliza, kwa mzaha tu, kama kweli kwako hapana hata pembe ya kuweka mkeka. Akajibu bila kufikiri, "Mbona chumba cha Consolatha kipo tu, mzee. Kina kitanda na kila kitu. Mama mdogo anakifagia kila Jumamosi."

Bi Eufrasia, kama hukutaka nije, ungeniandikia hivyo. Tumekaa chini ya paa moja miaka mingi, na Consolatha alizaliwa katika chumba changu cha mbele. Neno "hapana" ningelielewa. Mji mzima unalilia vyumba, watu wamewaondoa mbuzi, nawe umekifunga kimoja kwa ajili ya hewa, kisha ukaniambia vimejaa.

Nimemwambia Ukasha amruhusu Nasibu aje na mafundi wake wiki ijayo, baada ya sikukuu yenu. Wataanza na jiko. Watoto watanitafutia pa kukaa Mbagala. Sitakusumbua tena kwa jambo hili.

Sharifu Abdillah


Kibiti,
Jumamosi Kuu, 19 Aprili 2025

Baba Tasnim,

Unaniita Bi Eufrasia kama karani wa mahakama. Sawa, nimestahili.

Nianze na chumba. Ni kweli. Consolatha alihamia Dodoma miaka minne iliyopita, na chumba chake kiko kama alivyokiacha. Niliandika "vyumba vya kupangisha vimejaa", nikajiambia sikudanganya, maana hicho si cha kupangisha. Unajua ujanja wa maneno ya namna hiyo ulivyo mbaya. Nami nilijua wakati naandika. Nikikitoa, naona kama namwambia mtoto asirudi. Ndiyo sababu, na haikuhusu wewe hata kidogo. Nisamehe.

Sasa la pili, na hili naomba ulisome ukiwa umekaa.

Stephano alikuja huko mwezi wa tatu! Aliporudi akanionyesha picha za makufuli, nikacheka hadi nikashika ukuta. Kwao Mbinga nyumba ikifungwa kwa kufuli miezi, mwenyewe amehama au amekufa. Nani angemwambia kwamba huko kwenu mtu hufunga nyumba, akabeba sufuria, kuku na watoto, akaenda kukaa bondeni juu ya nguzo za dungu, akifukuza ndege na nguruwe mpaka mpunga uvunwe? Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza nilitoka na kadi za kliniki nikakuta mji mzima hauna mjamzito hata mmoja. Nikamwandikia bwana mganga kwamba watu wamekimbia ugonjwa. Ulinicheka wewe, tena mbele ya watu.

Nikasema, Stephano ni mgeni, lakini Baba Tasnim je? Amezaliwa pale! Imekuwaje naye akaamini?

Nimelifikiria hilo tangu juzi kanisani, Mungu anisamehe, na nadhani nimelielewa. Wewe hujawahi kuuona mji wako msimu huu. Kila mwaka ulikuwa mmoja wa waliofunga. Ulipokuwa mwalimu, kengele ya kutoka ikilia tu, ulikuwa huko juu ya dungu unapiga debe hadi asubuhi. Hata baada ya kustaafu ulikuwa wa kwanza kwenda na wa mwisho kurudi. Aliyekuwa akibaki na makufuli yenu na paka ni mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiuona Mohoro mtupu kila mwaka, na kila mwaka nilisikitika, na kila mwaka mlirudi na kelele zenu hadi nikatamani mngekaa huko huko.

Safari hii goti limekubakiza. Unajua kwa kichwa kwamba watu wako shamba, lakini macho yako hayajazoea, na maji ya mwaka jana yametia hofu juu yake.

Sisemi hapana waliohama. Wapo, na hawatarudi. Lakini kufuli la aliyehama na kufuli la aliyekwenda shamba yanafanana. Sasa hivi huwezi kuyatofautisha, wala Stephano hawezi. Nasibu ndiye anayeweza, maana ni mtu wa Ikwiriri. Jiulize kwa nini amekuja kutaja bei msimu huu na si mwezi wa nane.

Tena nimemhoji Blandina. Anasema walimu waliopangiwa kazi huko Mohoro wanakaa Ikwiriri, wanakuja kwa pikipiki, na kila muhula wanaomba uhamisho. Si kwamba hawaipendi shule. Hawana pa kulala. Kibiti na Ikwiriri tumejaa watu ambao kazi zao ziko vijijini, ndiyo maana kodi zinapanda huku na nyumba zinaanguka huko. Na wewe una vyumba sita.

Mwambie Nasibu asubiri mavuno. Barua hii nampa kondakta leo hii, nisisubiri Jumatatu.

Dada yako mwenye makosa,
Eufrasia


Mbagala, Dar es Salaam,
4 Mei 2025

Mama Eufrasia,

Shikamoo. Sijui nianze na hasira au na heshima. Baba alitufundisha kuanza na heshima, basi shikamoo tena. Amesema pia kwamba mambo ya nyumba hujibiwa kwa barua tu, ndiyo maana naandika kwa mkono kama mtoto wa darasa la nne.

Nadhani hujui kilichotokea. Mafundi wa Nasibu walifika Jumanne baada ya Pasaka. Walikuwa wameshateremsha mabati yote ya jiko kondakta alipomletea baba barua yako. Gari liliharibika njiani, ikachelewa. Ukasha alikuwepo. Anasema baba aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akachukua kigoda, akakaa mlangoni katikati. Akawaambia, "Nyumba hii haiuzwi. Shukeni."

Nasibu akamwuliza, "Na mabati je, mzee?"

"Yapandishe ulikoyashusha."

Nasibu akacheka, akaondoka na watu wake. Mabati yako chini uani. Baba anapika chini ya turubai. Ukasha hasemi na baba, baba hasemi na Ukasha, wote wawili wananipigia mimi.

Mama, wewe unadhani tunataka pesa za Nasibu. Pesa zile haziwezi hata kununua choo hapa Mbagala. Acha nikwambie ambalo najua baba hajakwambia, kwa sababu hajamwambia mtu. Mwaka jana bonde lilipofurika, watu wote walikimbilia mjini, baba akiwa mmoja wao, kisha maji yakapanda ngazi za baraza, yakaingia ndani. Kila mtu alikuwa ametoka. Baba alikataa. Alipanda juu ya meza ya chakula na vitabu vyake, akakaa. Mimi niko hapa, napiga simu, haipatikani, napiga tena. Mrisho ndiye aliyemfuata kwa mtumbwi, akamtoa kupitia dirishani. Nilipompata hatimaye, unajua aliniambia nini? "Maji yalikuwa ya adabu. Hayakufika kwenye vitabu."

Ndiyo maana hakukujibu barua yako ya pole. Angekuandikia nini?

Nyumba ile ikisimama, baba atakuwa ndani yake. Naitaka ianguke ili yeye atoke. Hilo ndilo lote. Masika mengine yanakuja, na Mrisho hatakuwa karibu kila siku.

Kama una jibu la hilo, nitakusikiliza kwa moyo mmoja. Kama huna, nakuomba kwa heshima zote usimwandikie tena habari za soko la nyumba.

Mwanao,
Tasnim Sharifu


Kibiti,
11 Mei 2025

Tasnim mwanangu,

Marahaba. Nimeshukuru kwa hasira na kwa heshima, vyote viwili.

Habari ya meza sikuijua. Aliniandikia kwamba maji yalipungua, basi. Nimekaa na barua yako mchana kutwa. Ningeijua, nisingeandika kwa kucheka vile. Una haki ya kuogopa, na sitakwambia kwamba maji hayatarudi, maana mimi na wewe tunaujua Rufiji.

Lakini mwanangu, humtoi baba yako kwa kubomoa. Ukiiangusha nyumba, atafunga turubai kwenye kiwanja na kukaa hapo hapo. Sasa hivi si anapika chini ya turubai? Amekwisha anza mazoezi.

Jibu langu ni hili, litazame. Babu zako wote walikuwa na makao mawili. Msimu mmoja walikaa bondeni, msimu mmoja mjini, na hakuna aliyesema wamehama. Baba yako goti limemnyang'anya makao yake ya pili, amebaki na yale aliyoyang'ang'ania mwaka jana hadi juu ya meza. Mpeni ya pili. Mvua za masika zikianza aje Kibiti, akae kwangu mpaka bonde litulie, kisha arudi kwake. Yeye ni mtu wa msimu. Hilo atalielewa kuliko mtakavyomwambia "hama".

Na nyumba isikae tupu. Mwezi wa saba walimu wapya huripoti. Wapewe vyumba, kwa kodi nafuu kuliko Ikwiriri, waachane na pikipiki. Watakuwa vijana wenye miguu na simu. Maji yakionyesha dalili, kutakuwa na watu ndani wa kuona na kupiga kelele. Mwaka jana hatari haikuwa maji tu, ilikuwa kwamba baba yako alikuwa peke yake.

Atakaa wapi kwangu? Chumba cha Consolatha. Nilimpigia simu Dodoma kumwomba ruhusa. Nilizunguka sana, nikaeleza habari ya goti, ya mafuriko, ya meza. Nikamwambia nitakitunza, na yeye akija nitampisha changu. Akasema, "Mama, mimi nilidhani ulikipangisha zamani."

Basi nikacheka, halafu nikaenda kukaa humo kidogo.

Nenda Mohoro Idd hii na Ukasha. Pandisheni mabati kwanza, ndipo mzungumze. Mtu mzima haambiwi jambo la maana akiwa hana paa la jiko. Umwambie na hili lako la kupiga simu haipatikani. Mwambie mwenyewe, kwa mdomo wako. Nadhani anafahamu habari ya maji tu, ya simu hajawahi kuisikia.

Mama yako,
Eufrasia


Mohoro,
27 Julai 2025

Mama Consolatha,

Safari hii sikungoja mwaka. Naandika barazani, na naandika kwa shida, kwa sababu ya makelele.

Wamerudi. Walianza kurudi mwishoni mwa Juni, mmoja mmoja, na sasa mtaa umejaa mpunga ulioanikwa kiasi kwamba mtu hupita kwa kuruka. Bi Sihaba amefungua mlango, na jambo lake la kwanza lilikuwa kuniuliza, "Shehe, nasikia ulitaka kutuuza?" Nikamwambia niliuza nafsi yangu tu, nyinyi hamkuwa na bei. Amelirudia neno hilo kisimani, kwa hiyo sasa naulizwa bei yangu na kila mtu.

Yako makufuli ambayo hayakufunguliwa. Sitakuficha. Duka la mkabala halikufunguliwa. Nyumba mbili za kuelekea mtoni wenyewe wako Chumbi, na walikuja tu kuchukua fremu za madirisha. Mji haukurudi wote. Lakini haukuwa umekufa, nami nilikuwa tayari kuuza mlango wangu kwa sababu nilikaa miezi mitatu upande wa pili wa makufuli, ambako hukaa wageni. Hilo nimelikubali.

Tasnim na Ukasha walikuja Idd. Ukasha alipanda juu ya jiko bila kunisalimu, akapigilia mabati yote mwenyewe hadi adhuhuri. Panavuja mahali pamoja, pale alipogongea msumari kwa hasira kubwa kuliko ulivyohitaji. Aliposhuka nilimpa maji ya kunywa, akayapokea, tukasameheana hivyo. Tasnim alinieleza habari ya simu. Alinieleza akiwa amesimama dirishani, palepale Mrisho aliponitolea kuniweka mtumbwini, na hakulia. Laiti angelia ningejua la kufanya. Nilikuwa nimejivunia sana ile meza, Mama Consolatha. Sitaisema tena kwa fahari.

Nasibu naye amepita. Aliuliza kama bei ni ile ile. Nikamjibu bei ni ile ile, ila nyumba haipo sokoni.

Sasa lililonifanya nichukue kalamu. Jumatatu walisimama hapa mbele mwalimu mmoja kijana, Doto jina lake, na mke wake, na godoro juu ya pikipiki. Akaamkia vizuri. Akasema, "Mzee, tumeambiwa una chumba." Unajua tangu lini mtu hajaniuliza swali hilo? Sikujua hata nitaje kodi gani. Nikawaambia wakae, nikaingia ndani kufikiri, nikatoka nimetaja kodi ndogo mno, nikaona aibu kuipandisha.

Mwanamke ndiye aliyekuwa na maswali. "Mzee, mwaka jana maji yalifika wapi?" Nikamwonyesha alama ukutani. Sikuipunguza. Akaitazama, akaweka mkono wake hapo kupima, akamwambia mumewe, "Kwetu Ifakara yanafika hapa kila mara. Kitanda tutakiinua kwa tofali, na yakizidi tunaondoka mapema, hatungoji." Kisha akanigeukia mimi: "Na wewe mzee, yakija unakwenda wapi?"

Nilimwambia chai inapoa.

Wamechukua chumba chako cha mbele. Wenzake wawili wanakuja kuangalia vingine wiki hii. Nimewaeleza masharti ya mlango. Yule kijana aliniuliza kama nazungumza kwa uzoefu, nikamwambia nilikuwa na mpangaji mmoja mkunga.

Limebaki la masika. Tasnim amenipa sharti: nyumba isimame, lakini mvua zikianza niwe kwako. Sijamjibu. Si jambo jepesi kwa mtu wa umri wangu kufungiwa mzigo na kupelekwa Kibiti kuishi miongoni mwa mbuzi na wenye shahada, chini ya paa la mwanamke aliyekuwa akinilipa kodi. Nataka nilipime vizuri.

Tasnim ananiambia katika chumba cha Consolatha kuna picha kubwa ya Bikira Maria ukutani. Usiiondoe. Ni chumba cha mtoto wako, na ilipo ni pake. Nakuuliza tu, kwa kuwa wewe unajua jua huchomozea upande gani wa nyumba yako: ukuta wa kaskazini, wa kuelekea kibla, ni huo wenye picha, au ni mwingine?

Nijibu hilo kwanza. Nikishaamua, nitakuandikia.

Wako,
Sharifu Abdillah